Mek, Yergu, Yerek

Bibi yangu Makbule alihesabu mayai
kwa lugha isiyokuwa ya mtu yeyote nyumbani kwetu.
Mek, yergu, yerek, chors, hink,
kisha akarudi nyuma: mek.
Hakuvuka hink. Dazeni kwake ilikuwa
hink, na hink, na yergu.
Sisi wajukuu tukayadaka maneno yale, tukayachezea kokoto,
na babu, akitusikia, alikohoa
kikohozi kisicho na ugonjwa.

Niliporithi nyundo nilirithi na hesabu.
Mwaka wa arobaini na moja huu napaka bati
masufuria ya watu, uchochoro wa mafundi shaba, Antep,
moshi machoni, weusi usiotoka kwenye kucha.
Shuleni tulisomeshwa neno moja tu juu yao:
walihamishwa.
Kauli ya kutendwa. Mtendaji kaachwa nje
kama kiatu mlangoni.
Bibi naye alikuwa wa kutendwa:
aliokotwa, akaletwa, akaozwa, akapewa jina.

Juzi runinga ya mgahawa wa Nejdet ilionyesha wabunge
wa nchi ambayo sitafika, wakilipigia kura neno.
Neno moja. Liitwe hivyo au lisiitwe.
Milioni na nusu, alisema mwenye tai ya buluu.
Laki tatu, akajibiwa, tena kwa njaa na homa.
Vita ni vita, akasema Nejdet, akatia sukari.
Nami nikanywa chai yangu.
Nisiseme uongo: nikanywa, nikaagiza nyingine.
Funika kombe mwanaharamu apite,
ndiyo sheria ya uchochoro huu,
na vifuniko nafua mimi.
Miaka mia imepita. Mwanaharamu hajapita.
Amekaa humo humo ndani ya kombe.

Akaja mama mmoja kutoka Marseille, Nvart,
miwani kaining'iniza kwa uzi,
Kituruki chake cha kizamani, cha jikoni,
kana kwamba alifunzwa na mtu aliyekwisha kufa.
Wateja wote hutazama ndani ya sufuria.
Yeye aliipindua, akatazama kitako,
pale penye vijiherufi nilivyozoea kuviita nakshi.
Akasoma kwa kidole, polepole,
kama mtu anayepapasa pengo la jino:
Hripsime, mke wa Dikran.

Hakulia. Wala hakuteta bei,
na hilo ndilo lililonitia haya.

Nikamhesabia chenji. Sijui kwa nini kwa sauti.
Mek, yergu, yerek,
na mkono wake ukabaki hewani.
"Chors," akasema.
"Hink," nikasema.
"Vets," akasema, akangoja.

Sikuwa na la kumpa. Ngazi yangu iliishia hapo.
"Nani alikufundisha?"
"Mayai," nikajibu, na wallahi sikuwa na jibu jingine.
Jina la kwanza la bibi hakuna aliyelitunza.
Hata jiwe la kaburi limeandikwa Makbule,
nalo nililipia mimi.

Nikamfungia sufuria kwa gazeti la jana,
lenye wabunge wale wale, mikono juu.
Akaibeba kifuani, siyo mkononi.
Kwenye kona aligeuka mara moja;
nilidhani atapunga. Hakupunga.

Usiku mke wangu alinikuta jikoni gizani,
friji wazi, miguu mitupu.
"Unatafuta nini?" Sikumjibu.
Mayai yalikuwa saba.
Mek. Yergu. Yerek. Chors. Hink.
Vets: nikaliweka kando taratibu
kama kitu cha kuazima.
La saba nikabaki nalo kiganjani,
la baridi,
nikisubiri mtu aniambie linaitwaje.